Herufi Nyeupe

Naserian alinipigia simu siku ya Jumanne, nikiwa nabishana na fundi wa printa ofisini kwangu hapa Karatu, na kwa kuwa namba yake sikuwa nayo, niliipokea kwa sauti ile ile niliyokuwa namgombezea fundi. "Shikamoo," akasema binti. "Ni Madam Aika?" Nikamwambia ndiye, na kama anauza bima aniache, nina shughuli. Akasema hauzi kitu. Akasema ameikuta namba yangu kwenye daftari la baba yake, ukurasa wa nyuma kabisa, na kwamba baba yake hayupo tena, hii ni wiki ya pili, wameshamzika nyumbani Soitsambu. Hakutaja jina. Alisema "baba" na "mzee wa hapa", basi, na mimi nikajua papo hapo ni nani, maana kuna mtu mmoja tu wa Soitsambu ambaye angeweza kukaa na namba yangu karibu miaka ishirini bila kuipiga hata siku moja. Nilimwambia fundi atoke nje. Mimi si mtu wa kulia hovyo, muulizeni yeyote hapa mjini, lakini siku ile nililia mpaka kamasi, na printa haikutengenezwa.

Jina lake sitaliandika hapa. Nitamwita Baba Naserian, ingawa mwaka ninaotaka kuusimulia hakuwa baba wa mtu. Alikuwa kijana mrefu wa Kimasai mwenye viatu vya matairi na mwandiko mzuri kuliko wa walimu wangu wote, na mimi nilikuwa msichana wa Kichaga wa miaka ishirini na minane, mwenye cheti cha kompyuta cha miezi mitatu na kiburi cha miaka kumi. Tulikuwa wafanyakazi wawili wa Mzee Kimaro, aliyekuwa ameanzisha kampuni ya kutembeza watalii kwa miguu. Ofisi ilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi. Mpaka leo nikisikia harufu ya rangi ya mafuta nageuka kuangalia nani anaingia. Kulikuwa na meza mbili, kompyuta moja iliyofunikwa kitambaa cha kufuma kila jioni kama bibi harusi, na waya wa intaneti uliotoka duka la jirani ukapita dirishani, kiasi kwamba mvua ikinyesha tulikuwa tunachagua: tufunge dirisha au tuwe na mtandao. Nyuma ya ukuta wa mbao alipika Mama Paskali, mama wa Kiiraqw, ambaye aliuza makande, maharage na maoni yake. Ukuta ule haukuzuia kitu. Tulimsikia akiwaambia wateja wake, "Yule Mmasai na yule Mchaga wanakula sahani moja kila mchana, halafu wanasema ni kazi. Kazi gani hiyo yenye kijiko kimoja?" Baba Naserian alikuwa anainama anacheka bila sauti, mabega yakimtikisika, na mimi nasema kwa nguvu, "Mama Paskali, tunakusikia!" Naye anajibu, "Ndiyo maana nasema."

Kazi yangu ilikuwa kutengeneza tovuti, na yake ilikuwa kuiandikia maneno. Safari tuliyouza ilikuwa moja tu ya maana: siku nne kwa miguu na punda, kutoka vilima vya Soitsambu kushuka mpaka bonde la Natron. Njia hiyo ilikuwa ya baba yake. Yule mzee alikuwa amewapitisha Wazungu huko miaka na miaka, kabla ya kampuni yoyote, na alikuwa amefariki mwaka mmoja kabla. Mwanawe aliandika kwanza kwa Kiswahili, kwa kalamu, kwenye daftari, na mimi nikahangaika na kamusi kuyapeleka kwa Kiingereza. Hakuandika kama wenzetu wa utalii, mambo ya mandhari ya kuvutia na machweo yasiyosahaulika. Aliandika: "Siku ya pili usinywe maji yako yote. Utaona migunga mitatu imeinamia upande mmoja. Chini yake kuna maji, ila wasalimie kwanza wachungaji." Aliandika: "Punda wa mbele anajua njia. Wa nyuma anajua anachokula." Nilimwambia huwezi kumwandikia mteja hivyo. Akasema, "Dada Aika, ni kweli au si kweli?" Nikaandika.

Siku moja aliniuliza mtu aliyeko Uholanzi atatuonaje sisi tulio nyuma ya duka la misumari. Nilikuwa nangojea swali hilo kwa hamu. Nikamweleza kuwa mtambo wa kutafuta una kitu kinachotembea mtandaoni usiku na mchana, kinatoka ukurasa mmoja kwenda mwingine kwa kufuata viungo, yale maneno ambayo ukiyabonyeza yanakupeleka ukurasa mwingine. Kikifika kinasoma maneno yaliyopo, kinayarudisha kwenye daftari kubwa, kinaendelea. Ukurasa usio na kiungo chochote cha kuufikia, hakiujui kama upo. "Kwa hiyo ni mgeni," akasema. "Kwetu mgeni akifika bomani anaulizwa habari. Katoka wapi, kapita kwa nani, mvua imenyesha wapi, ng'ombe wa nani wanaumwa. Tunaziita ilomon. Akishazitoa anapewa zetu, anaenda nazo boma lingine." Nikamwambia ndiyo, hivyo hivyo. Akafikiri kidogo huku akimenya ndizi. "Na mtu akimuuliza, nani anaijua njia ya kushuka Natron, atamtaja nani? Watu mia wameandika kwamba wanaijua." Nikasema kwanza anaangalia yale maneno ya muulizaji yako kwenye kurasa zipi, halafu anaangalia nani anasemwa na wengine, na hao wanaomsema wana heshima gani. "Si yule anayejisifu mwenyewe?" Nikasema kujisifu hakusaidii sana. Akafurahi mno. "Mgeni ana akili," akasema, na kuanzia hapo kila asubuhi, kabla hata ya kunisalimia, aliuliza, "Mgeni keshapita?" Nami nafungua, naangalia, nasema bado. Mpaka sasa, jamani, nikifungua kompyuta asubuhi nasikia swali lile.

Mgeni alipita, akatusoma, akatuweka mahali ambapo hakuna mtu angetuona hata angeshuka kurasa kumi. Sababu tuliijua tulipopata barua pepe ya mwalimu mmoja mstaafu wa Uholanzi, aliyewahi kutembea na yule mzee mara tatu. Alisema alikuwa amemtafuta kwa jina lake akaishia kwa kampuni nyingine, ndipo akatuuliza sisi kama tunawajua watu wake. Mzee Kimaro akavuta kiti, akalichapa lile jina kwa vidole viwili. Wa kwanza kutokea walikuwa watu wa mjini ambao hawajawahi kukanyaga Soitsambu. Walikuwa wameandika jina la mzee kwa herufi kubwa, chini yake picha ya Mmasai mwingine kabisa. Baba Naserian aliangalia mara moja akageukia dirishani. Mzee Kimaro akasema, "Umeona? Watu wanamtafuta baba yako, na sisi wenye mtoto wake hatuna jina lake hata mahali pamoja. Liweke leo." Akajibu kwa upole, "Mzee, hilo sitaliandika." "Jina la baba yako mwenyewe! Si ni heshima hiyo?" "Heshima ni kutolitaja."

Siku hizi wako Wamasai wengi, hasa waliookoka, wanaotaja majina ya marehemu wao bila shida. Kwa kina Baba Naserian haikuwa hivyo. Alinieleza baadaye, tukila, kwamba tangu mazishi hakuna mtu nyumbani aliyelitamka. Mtoto wa jirani aliyekuwa na jina hilo hilo walimpa jingine. "Yeyo akilisikia, msiba unaanza upya," akasema. Yeyo ni mama kwa Kimasai; alivyolisema neno hilo ungejua bado anaogopa kumkosea. "Nilisharudi nyumbani nikamkuta anakula vizuri. Sitaki kumrudisha nyuma." Lakini Mzee Kimaro alikuwa na gari lililokaa bila wageni na hasira za kutosha, akampa mpaka mwisho wa mwezi. "Ama jina liwepo, ama nitafute kijana ambaye baba yake yuko hai," akasema, na nyuma ya ukuta Mama Paskali akaguna, "Mh! Mdomo huo!"

Sasa niseme nililolifanya, na niliseme lilivyo. Nilimpenda yule kijana. Sikuwa nimemwambia, wala yeye hakuwa ameniambia, tulikuwa na kile kijiko kimoja na maneno ya Mama Paskali. Nilihesabu siku zilizobaki za mwezi, nikaona kile kiti mbele yangu kitupu, nikashindwa kuvumilia. Jumamosi moja alipokuwa ameenda Oldeani kuwaonyesha wageni wawili mashamba ya kahawa, nilikaa peke yangu nikafanya ujanja nilioupata mtandaoni. Chini ya ukurasa wake, baada ya sentensi yake ya mwisho, niliandika jina la baba yake mara thelathini, kwa herufi nyeupe juu ya ukurasa mweupe. Mtu haoni kitu. Mgeni anasoma yote. Nilijiambia hakuna mdomo uliolitamka, hakuna sikio lililolisikia, mama yake yuko Soitsambu anakula vizuri, na kijana atabaki. Nilijiona mjanja kweli. Jumatatu nikamwambia Mzee Kimaro kwa kunong'ona kwamba jina limewekwa kitaalamu, asiulize. Hakuuliza.

Wiki ya tatu tukapanda. Ukichapa jina la mzee, wa kwanza sisi. Barua zikaanza kuja, Mzee Kimaro akaleta nyama choma na soda ofisini, akacheza hata muziki kwenye simu. Na Baba Naserian, Mungu anisamehe, aliamini ni maneno yake yamefika. Alikuja na daftari limejaa, ameandika kurasa mpya mbili, na uso aliokuwa nao siku zile sijauona kwa mtu mwingine tena. "Dada Aika," akasema, "kumbe ukisema kweli, mgeni anasikia." Nilikunywa soda yangu. Ningeweza kumwambia saa ile. Halafu, nyama ilipokwisha na Mzee Kimaro ameondoka, akafuta mikono kwa karatasi, taratibu, kidole kimoja kimoja, akasema Desemba akipewa likizo twende wote Soitsambu. "Nikupeleke kwa yeyo. Nimeshamwambia." Kijana wa kwao hakupeleki kwa mama yake kutazama ng'ombe. Nilisema nitakwenda, na nadhani nililisema kabla hajamaliza sentensi, maana nyuma ya ukuta Mama Paskali alipiga kigelegele.

Ilikuwa katikati ya Novemba. Yule mwalimu wa Uholanzi alikuwa ameomba maelezo ya siku ya nne, na Baba Naserian akataka kuyanakili kutoka kwenye ukurasa ayaweke kwenye barua. Nilikuwa nimemfundisha mwenyewe namna ya kufanya: bonyeza juu, buruta mpaka chini, maneno yanawekewa bluu, kisha nakili. Akaburuta. Mkono ulipitiliza, ukashuka chini ya sentensi yake ya mwisho, na pale palipokuwa patupu pakawa bluu, na ndani ya bluu, weupe, jina la baba yake, mstari baada ya mstari. Nilikuwa nimesimama nyuma yake na vikombe viwili vya chai. Hakugeuka. "Nani kaandika?" Ningeweza kusema Mzee Kimaro. Nilisema, "Mimi. Lakini halionekani, kaka. Hakuna anayelisoma, ni mashine tu." "Mimi nimelisoma," akasema. Kisha akageuka, na hakuwa na hasira, heri angekuwa nayo. "Ningemwambia yeyo nimemletea nani?" Akachukua kikombe chake mkononi mwangu, akanywa chai yote, kwa sababu kwao hutupi alichokuandalia mtu. Akakisuuza, akakirudisha kwa Mama Paskali, akasema asante mama. Alichukua daftari lake na fimbo yake iliyokuwa kona ya mlango. Akatoka asirudi tena, na Mama Paskali akasimama mlangoni na mwiko mkononi mpaka alipopotea njiani.

Nililifuta jina siku ile ile, kana kwamba ingesaidia. Lakini mgeni naye alikuwa ameshagundua. Mtambo wa kutafuta unawachukia wanaoficha maneno, na siku chache baadaye tulitolewa kabisa, hata ukichapa jina la kampuni yetu wenyewe hatupo. Mzee Kimaro alifunga ofisi kabla ya mvua za masika. Kabla ya hapo, mwishoni mwa Novemba ile ile, mimi nilikwenda Arusha kwenye mafunzo mafupi, na siku ya pili mkufunzi akasema jambo moja kwa kupita tu, akitafuta kalamu yake. Alisema ukurasa unaweza kupatikana kwa neno ambalo halimo ndani yake kabisa, ikiwa watu wengine wanalitumia neno hilo kwenye viungo vyao wanapouelekezea. Wenzangu wakaandika. Mimi nilitoka nje nikasimama karibu na tangi la maji. Yule mwalimu wa Uholanzi na wenzake walikuwa na kurasa zao, walikuwa wamejaza jina la mzee humo, wao hawafungwi na msiba wa Soitsambu. Ilitosha kuwaandikia barua nzuri: mnapomtaja, tuelekezeeni. Jina lingebaki midomoni mwa wageni, ukurasa wa mtoto ungebaki safi, na mgeni angetuleta mbele hivyo hivyo. Kijana asingeandika kitu, na asingeondoka. Wiki sita! Laiti ningejua wiki sita kabla. Niliandika haya yote kwenye barua, nikaweka namba yangu ya simu chini, nikampa dereva wa basi la Wasso, jirani na kwao. Jibu halikuja, na nilidhani barua haikufika, mpaka Naserian aliponipigia.

Miaka yote hiyo, Baba Naserian alipokuwa hai, nililichapa jina lake kwenye kile kisanduku cha kutafutia mara nyingi kuliko ninavyoweza kukiri. Niliolewa, nikaachika, nikakodi chumba kile kile nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi, na bado jioni, kabla ya kufunga, nikawa nachapa jina lake. Alitokea mchezaji wa mpira wa Kenya. Alitokea mchungaji mmoja wa kanisa. Yeye hakutokea, kwa sababu hakuna aliyekuwa ameandika habari zake popote, na mgeni hawezi kuleta habari ambazo hakupewa. Nilifanya kazi ya kuwafanya watu wengine waonekane, hoteli, makambi, wauza kahawa, na mtu niliyetaka kumwona mimi hayupo.

Nilikwenda Soitsambu kutoa pole. Mama yake Naserian alinipokea kwa chai nzuri, akatoka kwenda kukamua. Ndani kulikuwa na bibi yake mzaa baba, sasa kizee, haoni tena, amekaa kwenye kigoda karibu na moto. Naserian akamweleza kwa Kimasai ni nani kaja. Bibi akanyoosha mkono, akanishika, akapapasa vidole vyangu kimoja kimoja, akasema maneno machache. Naserian akasita. "Anasemaje?" nikauliza. "Anasema alikungoja Desemba." Nilimwachia mkono wangu mpaka chai ikapoa. Nilipotoka Naserian alinipa daftari, lile lile, na akaniambia anachotaka: amemaliza chuo cha waongoza watalii, punda wapo, njia anaijua kwa miguu yake, baba alimpitisha mara nyingi. Anahitaji wageni. "Nitengenezee ukurasa, Madam. Ila majina ya wazee wangu yasiwemo. Wala la babu, wala la..." Nikamwambia najua, mwanangu.

Safari hii nilifanya nilichopaswa kufanya zamani. Niliyachukua maneno ya daftari kama yalivyo, migunga mitatu, punda wa mbele na wa nyuma. Nikamwandikia yule mwalimu wa Uholanzi, ambaye sasa ana miaka themanini na kitu na anajibu barua haraka kuliko vijana. Naye alikuwa ametembea na baba kama alivyotembea na babu. Akaandika kwenye ukurasa wake kumbukumbu zake za wote wawili, akataja majina yote mawili, na juu ya majina hayo akaweka viungo vya kwenda kwa Naserian. Wenzake wawili wakafanya vivyo hivyo. Tukangoja. Juzi Naserian akaja Karatu, tukala makande kwa binti wa Mama Paskali, maana mama mwenyewe tulishamzika, na yule binti kaurithi mdomo. Tukarudi ofisini. Naserian akavuta kiti karibu na changu, akauliza, "Mgeni keshapita?" Nikashtuka nikamtazama. "Baba alikuwa anasema hivyo," akasema. "Kila akisikia pikipiki."

Nikamwambia kapita, naona alama zake. Lililobaki ni kujaribu. Mtu achape jina la baba yake kwenye kisanduku, tuone kama linatuleta kwenye ukurasa ambao jina hilo halimo. Nikafungua. Ule mstari mdogo ukawa unawaka na kuzima, unangoja. Naserian akasogeza kibodi kwangu. "Chapa wewe, Madam. Mimi nisingeweza. Wewe si wa kwetu, hukatazwi."

Alisema kweli, na hakuwa na nia mbaya. Niliweka vidole. Jina lile navijua vidole vyangu vinavyolichapa, havihitaji hata macho. Na safari hii, baada ya miaka yote ile ya wachezaji wa mpira, angetokea. Nilitaka kumwona, jamani. Printa ikalia yenyewe kona kule. Kisha nikatoa mikono kwenye kibodi, nikaiweka mapajani.

"Tutamwomba mwalimu ajaribu kule kwake, atuambie," nikasema. "Mimi pia siwezi."

Naserian alinitazama. Nilidhani ataniuliza kwa nini. Akanyoosha mkono, akaizima ile kompyuta, akachukua kile kitambaa cha kufuma, nilichokitunza miaka yote, akakitandika juu yake.

"Haya, yeyo," akasema.